Naibu Waziri Juu ya Mti wa Kipeto

Jamhuri ya Nderemo, ambayo mji wake mkuu unaitwa Vifijo, msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ipo, ila ramani yake bado iko mezani kwa mkubwa fulani ikisubiri sahihi, na mkubwa huyo yuko semina.

Ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake, na ilikuwa na mnyama aitwaye kipeto, ingawa serikali haikuwa na habari naye. Habari zilipatikana mezani. Mheshimiwa Mkuu, Rais wa Nderemo, alikuwa amealikwa chakula na malkia wa nchi moja ya baridi, na walipofika kwenye supu malkia akamwinamia, akamuuliza kwa upole, "Na vipeto wenu hawajambo?"

"Hawajambo kabisa," akajibu Mheshimiwa Mkuu, ambaye hakuwahi kushindwa na swali. "Wamenituma nikusalimu."

Aliporudi nyumbani aliitisha Baraza la Mawaziri akataka kujua kipeto ni nani. Mkuu wa Usalama akasimama, akasema kipeto anafuatiliwa tangu zamani na simu yake inasikilizwa. Waziri wa Sheria akasema kesi yake iko katika hatua nzuri. Ilichukua muda kujulikana kwamba kipeto ni mnyama wa juu ya miti, ukubwa wa paka aliyeshiba, manyoya ya rangi ya chai ya maziwa, mkia mrefu wa kujishikizia matawini, na tumboni ana mfuko. Mawaziri waliposikia habari za mfuko waliamka wote, wakitaka kuelezwa uko chini ya wizara gani. Walipoambiwa ni mfuko wa ngozi na ndani yake mna mtoto tu, nusu yao wakarudi kusinzia.

Vipeto waliishi Msitu wa Matone, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Zamani walijaa tele. Kisha serikali ikaugawa msitu kwa marafiki wa maendeleo, miti ikageuka milango ya hoteli, na vipeto wakabaki wachache, wakirukia matawi ambayo jana yalikuwepo.

"Walindwe," akaamuru Mheshimiwa Mkuu. "Malkia anakuja kuwaona."

*

Badi Mwinyikambi alikuwa Naibu Waziri wa Misitu na Vyote Vinavyopumua. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye sauti nzuri ya hotuba, na katika utumishi wake wote hakuwa amefanya uamuzi hata mmoja, jambo lililomfanya apendwe na kila mtu. Kwenye kamati iliyotunga Sheria ya Kumlinda Kipeto alikuwa amelala, akiota anapanda cheo, na mwenyekiti alipomuuliza ghafla kama ana la kuongeza, alizinduka akasema neno alilokuwa nalo kwenye ndoto: "Ngazi!"

Wajumbe wakaliona ni wazo zito. Ikaandikwa kwamba mti wowote alimo kipeto hautakatwa, hautapigiwa kelele, hautapandwa, hautashukwa, wala hautaegemezwa ngazi, na atakayekiuka atafungwa maisha. Anayemgusa kipeto mwenyewe, hali kadhalika.

Ikabaki kusomwa. Katiba ya Nderemo inasema sheria haianzi kazi mpaka isomwe masikioni mwa yule inayemhusu. Wananchi husomewa kwa redio, wakisikia wasisikie shauri yao. Lakini kipeto hana redio, hivyo ilibidi asomewe ana kwa ana. Waziri mwenyewe aliipokea kazi hiyo kwa furaha, mpaka alipoambiwa urefu wa mti, ndipo akashikwa na mafua ya ghafla. Kazi ikamwangukia naibu wake, ambaye hata jukwaa la mkutano wa hadhara lilimtia kizunguzungu.

Msafara ulifika Matone asubuhi, mvua ikinyesha. Kulikuwa na bendi ya tarumbeta, zulia jekundu lililozama topeni mara tu lilipotandikwa, na Bwana Luhende, Mkuu wa Itifaki, mtu ambaye hapigi chafya kabla ya mkubwa wake. Wanakijiji nao walikuja kutazama, wakiongozwa na Bi. Nyamizi, mwenye kibanda cha chai kando ya njia, ambaye hakutaka wakubwa wapite na njaa wakati yeye ana maandazi.

Badi alivaa joho la sherehe, jekundu, pana, lenye nembo ya taifa mgongoni. Kwenye mkono alitundika mwavuli wenye picha ya Mheshimiwa Mkuu. Alipanda ngazi akiwa amefumba macho, akisoma dua zote anazozijua na nyingine alizozitunga palepale. Alipofumbua, alikuwa ameketi kwenye tawi nene la mvule, na mbele yake, karibu kabisa, ameketi kipeto jike akitafuna jani.

Badi akasoma. Alisoma utangulizi, maana za maneno, vifungu na vifungu vidogo, kwa sauti ile iliyowahi kumliza askofu. Kipeto alimtazama kwa macho ya duara, hapepesi, na Badi akaona hajawahi kupata msikilizaji makini namna hii, hata bungeni. "Sheria hii," akamalizia, "inaanza kufanya kazi sasa hivi!"

Chini wakapiga makofi na vigelegele. Badi akanyoosha mguu kuitafuta ngazi. Mguu ukakuta hewa.

"Luhende! Ngazi iko wapi?"

"Tumeiondoa, Mheshimiwa. Sheria imeshaanza."

"Irudishe nishuke."

"Ningependa sana, Mheshimiwa, lakini hautaegemezwa ngazi."

"Basi nitaukumbatia mti, niteleze polepole."

"Hautashukwa, Mheshimiwa." Luhende akainama kwa heshima. "Ni sheria nzuri sana. Nasikia pale kwenye ngazi ni wazo lako mwenyewe."

Badi akalishika tawi kwa mikono miwili. "Ni nani anaweza kunipa ruhusa?"

"Mheshimiwa Mkuu peke yake. Naye yuko safarini, anawaeleza mataifa jinsi tunavyomlinda kipeto. Na tafadhali, Mheshimiwa, punguza sauti. Kelele nazo zimekatazwa."

Bendi iliposikia hivyo ikakatiza wimbo wa taifa katikati ya ubeti, na watu wakabaki wamesimama wima kwenye mvua, wasijue waketi au waendelee kusimama.

*

Redio ya taifa ilitangaza kwamba Naibu Waziri ameamua kwa hiari yake kusogeza huduma karibu na wanyama. Gazeti la serikali liliandika MWINYIKAMBI APANDA JUU, na wenzake wizarani, ambao husoma vichwa vya habari tu, wakadhani amepandishwa cheo. Wakafanya sherehe, wakala, wakanywa, wakamtumia salamu.

Huku juu mwenye cheo alikuwa analoa. Alifungua mwavuli, na kabla hajatulia vizuri, kipeto akasogea, akasogea tena, akaingia chini ya mwavuli na kuketi kando yake kama abiria mwenye tiketi. Kwenye mfuko wake kikatokeza kichwa kidogo chenye masikio makubwa, kikamtazama Badi, kikarudi ndani.

"Hujambo," alisema Badi. Ilikuwa salamu yake ya kwanza kwa miaka mingi bila kamera.

Chakula alikipata kwa Bi. Nyamizi. Luhende alilitafakari jambo hilo kwa muda, akatoa uamuzi kwamba andazi likiwa hewani halijagusa mti.

"Baba Waziri, daka!"

"Mimi ni Naibu, mama."

"Huku chini hatuoni tofauti. Daka basi, litapoa!"

Mwanzoni Badi alikuwa na lake moyoni. Sheria ilisema mti alimo kipeto. Kipeto akihama, mti unabaki mti tu, na yeye anashuka. Basi akawa anamsihi. "Nenda, mama. Ule mti wa jirani una majani laini. Hewa nzuri. Majirani wazuri." Kipeto alikwenda mpaka ncha ya tawi, akanusa upepo, akarudi chini ya mwavuli. Badi akamwita mkaidi, akamwita mpinzani, akamgeuzia mgongo. Lakini baridi ilipokaza, na mgongo wa kipeto ukawa umeegemea wake, hakusogea.

Bi. Siajabu, mke wake, alikuja kutoka Vifijo kwa gari la serikali. Alisimama chini ya mvule, kanga kichwani, mkono kiunoni.

"Baba Rehani, shuka."

"Siwezi, mke wangu. Sheria."

"Sheria gani ya kumzuia mtu kurudi kwake? Nimeambiwa huko juu unaishi na jike."

"Ni kipeto!"

"Jina lake silitaki. Ana mtoto?"

"Anaye... mfukoni."

Bi. Siajabu akawageukia wanakijiji, awaite mashahidi. "Mmemsikia wenyewe. Hata kukana hakani." Kisha kipeto akachungulia kutoka nyuma ya bega la Badi, na mama huyo akauteremsha mkono kutoka kiunoni, akamtazama. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mbona mwembamba hivyo? Hamli huko?"

*

Swali hilo lilimkaa Badi moyoni. Aliangalia, na kweli. Majani ya mvule yalikuwa yamepungua, na kipeto alikuwa akitafuna magome. Badi akajiuliza kwa nini sasa hahami hata majani yakimwishia. Ndipo akafanya jambo alilokuwa akilikwepa tangu siku ya kwanza: akatazama chini na mbali.

Wizara ya Ujenzi ilikuwa imeanzisha Barabara Kuu ya Uhifadhi. Malkia hawezi kutembea kwenye tope, hivyo msitu ulifyekwa ili apite kuja kutazama msitu. Matingatinga yalikuwa yamekuja kimyakimya, kwa kuheshimu kifungu cha kelele, yakiwa yamefungwa magunia kwenye mabomba ya moshi. Mti wa jirani wenye majani laini haukuwepo. Majirani wazuri nao hawakuwepo. Mvule ulikuwa umebaki peke yake katikati ya uwanja wa udongo mwekundu, na msitu uliosalia ulikuwa ng'ambo ya mto, ambako barabara haikuwa na shida nako.

"Luhende! Mnakata msitu!"

"Tunakata miti isiyo na kipeto tu, Mheshimiwa. Kila mti tunaupigia hodi kwanza. Asipojitokeza mtu, tunakata."

"Na huyu akitaka kuhama, atapitia wapi?"

"Ahame aende wapi?" Luhende alishangaa kikweli. "Hapa ndipo anapolindwa."

Badi aliona aibu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo, kwanza alidhani ni njaa. Kila hati ya kugawa msitu ilikuwa imepita mezani kwake, na kila moja aliitia sahihi bila kuisoma, maana aliamini anayesoma kabla ya kusaini anamtilia mkubwa wake mashaka. Jioni ile vipeto wa ng'ambo waliita kwa sauti nyembamba, na mama huyu akasimama kwenye ncha ya tawi akiwajibu, mpaka sauti ikamkauka. Mtoto hakuchungulia tena. Badi akafungua joho, akamfunika.

*

Mheshimiwa Mkuu alirejea, na msafara wake ukafika Matone kwa barabara mpya. Chini ya mvule alihutubia kwa kunong'ona ndani ya kipaza sauti, kama sheria inavyotaka. Alisema dunia nzima inaionea wivu Nderemo. Alisema mvule utazungushiwa uzio, utawekewa taa za rangi na chemchemi ya maji, na magari yatauzunguka. Utaitwa Mzunguko wa Kipeto. Na kwa mamlaka aliyonayo, anampa Badi Mwinyikambi ruhusa ya kushuka, peke yake, na anamteua kuwa Waziri kamili.

"Mheshimiwa!" Badi akaita kutoka juu. "Atakula nini?"

Kukawa na minong'ono. Luhende akapanua mikono. "Kwa mwaka huu tuna fungu la taa. La chakula litaangaliwa."

Ngazi ikaegemezwa. Badi alikaa pale juu, mkono mmoja kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza maishani akalazimika kuamua jambo. Kushuka mikono mitupu ni uwaziri. Kumgusa kipeto ni kifungo cha maisha. Alikuwa anaogopa ngazi, anaogopa jela, anamwogopa Mheshimiwa Mkuu, na kwa mtu aliyeogopa mambo mengi kiasi hicho kwa pamoja, hofu zilianza kusukumana mlangoni na hakuna iliyoweza kuingia. Akafungua joho.

"Njoo, mama," akanong'ona. "Upesi, kabla sijapata akili."

Kipeto akaja. Akamkumbatia tumboni, makucha yakaipenya fulana mpaka kwenye ngozi, na Badi akafunga vifungo vyote vya joho, akashuka akiwa amekaza meno.

"Tazameni tumbo hilo!" Mheshimiwa Mkuu alifurahi. "Na kuna wapinzani wanasema tulimwacha waziri wetu afe njaa." Akataka kumkumbatia. Badi akarudi nyuma, akainama kwa heshima ndefu. Ndani ya joho kitu kikapiga chafya.

"Ni nini hicho?" Luhende akauliza.

"Gesi," akasema Badi.

Sasa Bi. Nyamizi, aliyekuwa akipita na sinia la chai, akaona ncha ya mkia wa rangi ya chai ya maziwa ikining'inia chini ya joho la waziri. Akasimama. Akamtazama Badi usoni, akautazama mkia. Kisha akaja mbele ya wakubwa wote, akajipenyeza kati yao na Badi, sinia na mwili mzima, akapaza sauti.

"Jamani mwacheni baba wa watu aende msalani! Tangu apande huo mti hajachuchumaa kama binadamu. Mnataka yamfike hapa hapa, mbele ya Rais?"

Wageni waheshimiwa wakajisogeza kando haraka. Luhende akapekua kichwani itifaki zote anazozijua, hakuona inayohusika. "Bendi imsindikize?" akauliza.

"Hapana!" Badi alijibu, tayari yuko njiani.

Alitembea kwa hatua fupi mpaka alipopita matingatinga, kisha akakimbia. Alivuka mto kwenye gogo, yeye aliyeogopa jukwaa, bila hata kukumbuka kuogopa. Ng'ambo, chini ya mti mkubwa uliojaa majani mabichi, akafungua vifungo. Kipeto alibaki amemng'ang'ania tumboni kwa muda, ananusa. Juu kuna mwenzake aliyeita. Mama akajibandua, akarukia shina, na mfukoni kikatokeza kile kichwa chenye masikio makubwa, kikamtazama Badi mpaka kikafichwa na majani. Mama hakugeuka nyuma. Badi alikuwa amezoea kushukuriwa hata kwa yale asiyoyafanya. Leo amefanya, na hakuna aliyemshukuru, naye alisimama pale akicheka peke yake huku damu ikimchirizika tumboni.

Alirudi tumbo likiwa bapa.

"Naona umepata nafuu," alisema Mheshimiwa Mkuu.

"Kubwa sana, Mheshimiwa."

Kisha utepe ukakatwa. Mheshimiwa Mkuu akaelekeza darubini yake juu ya mvule, akazungusha, akatafuta, uso ukaanza kuingia mashaka, halafu ukang'aa ghafla. "Namwona! Amenipungia mkia!" Mkuu wa Usalama naye akamwona. Waziri wa Sheria aliona wawili. Malkia, alipofika wiki iliyofuata, alikuwa na adabu mno kusema haoni, akapiga picha jani moja lililokunjamana, na picha hiyo ikatolewa kwenye stempu. Kupanda kuhakikisha hakukuwezekana, maana ni kinyume cha sheria.

"Mimi sioni kitu," alisema Bi. Siajabu pembeni siku ile ya utepe. "Baba Rehani, yule jike wako yuko wapi?"

"Amehama."

Alimtazama mumewe, fulana iliyochanika, mikwaruzo, tope mpaka magotini. "Na mtoto?"

"Hajambo."

"Haya," alisema, akamfutia tope shavuni kwa pindo la kanga.

*

Mafanikio hayakai bila kuongezewa. Haukupita muda mrefu, Luhende akaleta pendekezo kwenye Baraza la Mawaziri: ng'ambo ya mto kuna msitu uliobaki, huenda mna vipeto wengine wasiolindwa. Wapelekewe barabara, uzio na taa, nao wafaidi kama mwenzao. Mawaziri wakatikisa vichwa kwa kukubali, kalamu zikatolewa.

Waziri Badi Mwinyikambi akaomba nafasi ya kusema. Wanaokumbuka wanasema ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema ameufikia msitu ule kwa miguu yake. Alisema hauna mbao, una miiba. Hauna dhahabu, una ruba. Nyuki wake hawana nidhamu, nyoka wake hawatofautishi waziri na mwananchi, na mtandao wa simu haushiki. Kipeto? Hakuna kipeto, waheshimiwa, hata unyoya. Alipofika hapo sauti ikamtetemeka na macho yakamlengalenga machozi, na wenzake wakaona kweli mahali hapo pamemtesa. Akawaomba, kwa heshima ya taifa, mahali hapo pasitajwe tena.

Mheshimiwa Mkuu akaita kura. Baraza likaazimia kwa kauli moja kuusahau upande ule wa msitu, na kwa vile serikali ya Nderemo haijawahi kutekeleza azimio lolote kwa ukamilifu kama hilo, mpaka leo haijaukumbuka.